Kanda za wazee tusizibane ovyo

Jamani wanachama, wengi wetu tumerudi kutoka likizo nyumbani na mifuko ya kanda za wazee. Vizuri sana. Lakini kabla hamjaanza kuzitia kwenye kompyuta naomba niseme neno, maana mimi nimeshaharibu.

Mjomba alinipa kanda ya taarab ya harusi, Tanga, iliyorekodiwa kwa redio kaseti yenye maikrofoni moja. Hiyo ni mono, sauti ya upande mmoja tu. Mimi nikaiweka MP3 ya stirio, kilobiti 64 kwa sekunde, ili ienee kwenye flashi iliyojaa. Fidla ikawa kama inapigwa chini ya maji! Kurudi kwa mjomba kuiomba tena, kumbe mpwa mwingine kashairekodia kaswida juu yake.

Kubana si kosa. Kosa nilibana pasipofaa. Kitu cha mono, iwe santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 au kaseti ya mjomba, ukikiweka stirio unabeba mzigo mmoja mara mbili. Mtaniambia programu zina akili, zikiona pande mbili zinafanana zinaziunganisha. Kweli, zikifanana kabisa. Ila kwenye deki ya stirio ule mlio wa "shhh" wa kushoto si ule wa kulia, na programu inapoteza nafasi kuhifadhi uchafu. Changanya kwanza pande mbili ziwe moja, na "shhh" yenyewe itapungua kidogo.

Hesabu yake: saa moja ya stirio kwa kilobiti 128 ni kama MB 58. Mono kwa 64 ni MB 29, na kila upande ulikuwa unapata hizohizo 64. Mimi siku hizi naweka mono kwa 96, MB 43. Chini ya hapo ni ubahili tu. (Ukisikia gitaa moja kushoto na jingine kulia, hiyo ni stirio ya kweli, usiiguse.)

Halafu MP3 isiwe nakala yako ya pekee. Hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi hata uigeuze vipi. Weka kwanza FLAC ya mono, inayobana bila kutupa kitu. MP3 ni ya kusikiliza kwenye basi na kumtumia binamu.

Deki ninayo chumbani. Mwenye kanda aje nayo jioni, na aje na subira: kanda ya saa moja tutaikalia saa moja.