Ufundi, Shule na Matarajio ya Nyumbani

Mlango wa mbao uliotengenezwa Hanga mwezi wa Septemba hufunguka vizuri. Ifikapo Januari, mvua zikiwa zimekolea, hukwama katika fremu yake. Mwenye nyumba hulaumu bawaba. Seremala aliyefunzwa vema hutazama kwanza mbao zenyewe.

Mti uliokatwa karibuni huwa na maji ya namna mbili: yaliyomo katika matundu ya seli, na yaliyoshikamana na kuta za seli hizo. Ya kwanza yanapokauka, mbao hupungua uzito lakini umbo lake halibadiliki. Unyevu unaposhuka chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe huanza kupoteza maji, na hapo ndipo mbao husinyaa. Haisinyai sawasawa. Kwa urefu husinyaa kidogo mno. Kutoka kwenye kiini kuelekea gome husinyaa zaidi. Na kwa kufuata duara za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Majira ya mvua yakirudi, mbao hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka kwa njia zile zile. Kwa hiyo fundi hukausha mbao polepole kivulini, huchagua upande wa kuzipasulia, na huacha nafasi ndogo baina ya mlango na fremu. Hiyo ni fizikia na biolojia kwa pamoja. Hata hivyo, wazazi wengi wakiulizwa ni nani aliyesoma katika ukoo wao, fundi huyo hawatamtaja.

Ni kosa kudhani kwamba matarajio hayo ya wazazi yametokana na uvivu au majivuno. Yana historia yake. Katika Songea ya wakati wa ukoloni, wanaume kwa maelfu walisafiri kwenda kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya uchunguzi miongoni mwa Wangoni na Wandendeule, alitoa kitabu kizima juu ya uhamaji huo mwaka 1955. Mtu aliyeona baba yake akiuza nguvu za mikono kwa ujira mdogo, na akamwona karani akikaa kivulini na kalamu, alijifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyelifundisha darasani: shule ni njia ya kuikimbia kazi ya mikono. Somo hilo lilikuwa na ushahidi.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi wa Machi 1967, ilitaka kulifuta. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa sahihi. Lakini katika shule nyingi shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka mwanafunzi aliyechelewa, na jembe likawa ndugu wa fimbo. Mwanafunzi alipalilia mahindi bila kuulizwa kwa nini mstari mmoja umekuwa wa manjano na mwingine wa kijani. Mwisho wa yote, mtihani uliofungua mlango wa kidato cha tano ulipima zaidi yale aliyoyaandika kuliko yale aliyoweza kuyatenda. Vijana si wajinga. Walisoma kile kilichohesabiwa.

Huko huko Hanga, ambako sasa ni wilaya ya Namtumbo, upo mfano wa namna nyingine. Monasteri ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya watawa Waafrika, ikafanywa abasia mwaka 1994, imeishi kwa desturi ya kale ya shirika hilo ya kuunganisha sala na kazi, na imefundisha vijana ufundi. Pale ambapo msomi wa vitabu na seremala huvaa kanzu moja na kula meza moja, ni vigumu kumdharau seremala. Lakini mfano huo una mpaka wake: mtawa hana mtoto mgongoni, wala saa zake hazikatizwi na ndoo tupu. Kijana wa kijijini, hasa wa kike, anazo saa mbili za kugombania: za karakana na za jikoni.

Hapo ndipo mjadala wa elimu ya ufundi hunyamaza mapema mno. Wanaume walipokwenda mkonge, mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake, nao hawakupewa namba wala ujira. Ilichukua hadi mwaka 1983 kwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuamua, katika kufasiri Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wanandoa. Mahakama ilifanya jambo ambalo mtihani wa shule haukulifanya kwa jembe: iliihesabu kazi.

Januari 2024, kufuatia sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023, mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya shule za sekondari. Ukifanywa kapu la walioshindwa masomo mengine, wazazi watautambua mara moja, kwani wana uzoefu. Utaaminiwa iwapo mwanafunzi wa useremala atatakiwa kueleza kwa nini mlango umekwama na kisha kuurekebisha mbele ya mtahini, na iwapo alama hizo zitamfikisha chuo kikuu akitaka. Kuhusu nyumbani, mkuu wa shule hawezi kutoa amri, ila aweza kuuliza katika mkutano wa wazazi: binti anayejifunza kuchomelea vyuma akirudi jioni, kaka yake atakuwa ameteka maji? Walioanza kidato cha kwanza mwaka huo wa 2024, kidato chao cha nne ni 2027.