Nyua za saiprasi zinauawa kwa fedha za umma



Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Limuru hadi Molo, ni kawaida kuona shule au ofisi ya umma iliyozungukwa na ua wa saiprasi uliokauka ubavu mzima, vijiti vya kahawia vikiwa wazi na seng'enge ikiwa imepitishwa kuziba mapengo. Lawama hutupiwa ukame na wadudu. Kwa maoni yangu, nyingi ya nyua hizo zimeuawa na panga, tena panga lililolipiwa na umma, kwa kuwa mkandarasi hulipwa kwa urefu wa ua aliokata, wala hakuna anayerudi kuangalia kama ulipona.

Kosa lenyewe lina chanzo kinachoeleweka. Mkulima wa kwetu huukata mchai ukabaki mifupa mitupu, nao huchipua. Mbuni hukatwa hadi kisiki ukatoa matawi mapya, mkaratusi kadhalika, hata kayaba yenye miiba. Aliyezoea mimea hiyo huiendea saiprasi kwa mkono uleule. Lakini saiprasi huchipua pale tu penye majani mabichi. Tawi la ndani lililokwisha kuvua majani halina jicho la kuamka, na panga likifika hapo pengo linabaki daima. Kwa hiyo ua huu hukatwa juujuu na mara kwa mara, tangu miche ikiwa michanga, na kila mara huachiwa tabaka la kijani. Pande zake nazo huinamishwa ili sehemu ya chini iwe pana kuliko kilele, maana kilele kikitanuka hunyima jua matawi ya chini, yakafa bila kuguswa na mtu.

Wadudu wapo, sikatai. Vidukari vya saiprasi viligunduliwa Malawi mwaka 1986, vikafika Kenya mwaka 1990 na kukausha nyua nyingi. Kabla ya hapo, ugonjwa wa kuvu unaosababisha vidonda kwenye gome ulitulazimisha kuachana na saiprasi ya California na kushika hii yenye asili ya Mexico. Ila historia hiyo haimsafishi mwenye panga. Majeraha ni mlango wa kuvu, na ua ulionyang'anywa majani mwezi Januari, jua likiwa kali na udongo mkavu, utapambana na kidukari kwa nguvu gani?

Wapo watakaosema ua mrefu huficha wezi. Sawa, lakini ua unaopunguzwa kila msimu wa mvua haupati nafasi ya kurefuka hivyo. Wengine watataja gharama. Kibarua mwenye makasi makali, mara mbili kwa mwaka, ni nafuu kuliko nguzo, seng'enge na miaka ya kungoja miche mipya ikue. Kwa ua ulioachwa ukapita kiasi, sina dawa ya kupendeza: upunguzwe kilele tu, au ung'olewe upandwe upya.

Nawaomba maofisa wa zabuni katika kaunti waandike kwenye mikataba ijayo kwamba saiprasi haikatwi wakati wa kiangazi wala kuvuka majani mabichi, na sehemu ya malipo izuiliwe hadi mvua zipite na ua ukaguliwe.

Msomaji,
Nakuru