Askari aliyekatwa mguu si mtu wa kuwekwa kivulini

Kaa kwenye kibanda chochote cha chai Sengerema mjini, umtaje mwanajeshi aliyerudi kutoka kazini bila mguu. Utajibiwa: masikini, kazi yake imekwisha, Serikali imtunze. Maneno hayo husemwa kwa huruma, ndiyo maana hakuna anayeyapinga. Mimi nayapinga. Huruma ya aina hiyo humzika mtu angali hai, na inatunyima sisi wa kando ya Ziwa Victoria mikono tunayoihitaji mno.

Majeruhi tunao. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Waliokufa tuliwapokea kwa bendera na machozi, kama ilivyostahili. Waliojeruhiwa, nani anawaulizia leo?

Sasa tugeukie maji, ambako mikono hiyo inahitajika. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, kulikuwa na watu hai ndani yake, wamenaswa. Tumbo la meli likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikazama nao. Kutoa miili ikabidi waje wazamiaji kutoka Afrika Kusini. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka jirani kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Giza lilipoingia, uokoaji ukasitishwa mpaka asubuhi. Walikufa watu 228. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimkuta fundi wa mitambo ndani ya kivuko, yu hai. Kila nikilikumbuka hilo najiuliza ni wangapi wengine walikuwa wakivuta pumzi usiku ule.

Nasema majeruhi wetu wafundishwe uzamiaji. Utaniambia: mtu asiye na mguu atazamia vipi? Hapo ndipo imani yetu ilipokosea. Nchi kavu miguu ndiyo inayobeba mwili. Chini ya maji mzamiaji huongeza na kupunguza hewa kwenye jaketi lake mpaka hapandi wala hashuki, na uzito wake haumlemei tena. Hata aliyepooza kuanzia kiunoni husogea kwa mikono, akiwa amevaa glavu zenye utando. Haya si ya kufikirika. Tangu 2007 kikundi cha SUDS kimekuwa kikiwafundisha kuzamia wanajeshi majeruhi wa Marekani waliokuwa wakitibiwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, wakiwemo waliokatwa miguu. Uingereza, kikundi cha Deptherapy kimefanya kazi kama hiyo. Kikundi kingine cha Marekani, Force Blue, kilichoanzishwa 2016, kimekuwa kikiwachukua wazamiaji wastaafu wa vikosi maalumu, wengi wao wenye majeraha ya moyoni, kwenda kukarabati matumbawe ya Florida pamoja na wanasayansi.

Ziwa letu, kwa kweli, lina madai yake. Sehemu nyingi maji ni tope tupu, mzamiaji haoni hata kiganja chake. Kazi hufanyika kwa kamba. Mmoja anabaki juu ameishika, mwenzake yuko chini anazunguka kwa nusu duara, anapapasa tope kwa vidole. Akimaliza nusu duara moja anaongezewa kamba kidogo, anaanza nyingine. Wanazungumza kwa mivuto waliyokubaliana: huu ni salama, huu nimepata, huu nitoe haraka. Mshika kamba akizubaa, mwenzake anaweza kufa. Tena ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hesabu za muda wa kukaa chini na mwendo wa kupanda zinazotumika Dar es Salaam haziwezi kuhamishiwa Busisi bila kurekebishwa. Kazi hiyo inamtaka mtu mtulivu, mwenye kutii utaratibu na kumlinda mwenzake. Hayo jeshi limekwisha kumfundisha, na hayakuondoka na mguu.

Kuna hoja moja naiheshimu: aliyeona wenzake wakifa asirudishwe kushika maiti. Sawa, asilazimishwe. Lakini ziwani kuna mengi. Nyavu za sangara zilizopotea zimelala chini zinaendelea kunasa samaki bure, zinahitaji kutolewa. Watoto wa visiwa vya Kome na Maisome wanahitaji kufundishwa kuogelea, kwa maana kuzaliwa kando ya ziwa hakumfanyi mtu ajue maji. Na anayedhani daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limetumalizia hatari, aende mwaloni alfajiri aone mitumbwi inavyopakiwa watu bila jaketi la kuokolea hata moja.

Wala sisemi askari huyu anatudai au tunamdai fadhila. Nasema apewe nafasi ya kuchagua, mafunzo yaanzie bwawani, daktari ampime kwanza.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, kijana mvuvi Majaliwa Jackson aliwahi kwa mtumbwi kuwaokoa abiria, na Rais akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hakuna aliyesubiri vyeti. Basi mlango huo huo wafunguliwe majeruhi wa Semuliki: Jeshi la Wananchi (JWTZ) litoe wakufunzi wake wa wanamaji, Zimamoto watoe mitungi ya hewa na boti, na halmashauri za Sengerema na Buchosa zitenge bajeti ya kikosi kimoja tu cha kuanzia, makao yake yawe huku huku ziwani.