Badala ya kumkimbiza mwizi, tubadilishe kitasa

Kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani wiki hii, nikaona nililete hapa tulijadili. Ni kuhusu virusi. Usiondoke, ndugu msomaji, sitaandika kama kitabu cha Biolojia cha kidato cha nne.

Tuanze na hadithi ya malaria, kwa sababu kila nyumba inaijua. Klorokwini ilitibu miaka na miaka, ikachoka. Tanzania ikahamia SP mwaka 2001. Nayo haikuchukua muda, tukaenda kwenye dawa ya mseto mwaka 2006. Malaria hailetwi na kirusi, lakini mchezo ni ule ule. Ukimpiga mdudu kwa dawa moja, wanaosalia ni wale wachache waliobadilika, na hao ndio wanaozaana.

Sasa kirusi cha UKIMWI ni bingwa wa mchezo huo. Ndani ya mtu asiyetumia dawa, virusi vipya mabilioni huzaliwa kila siku, na kila kinapojinakili hukosea hapa na pale. Makosa hayo ndiyo yanayokisaidia kukwepa dawa. Ndiyo maana ARV hutolewa kwa mchanganyiko. Na ndiyo maana usugu dhidi ya nevirapine na efavirenz ulipoongezeka, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir iwe ndiyo dawa ya kuanzia. Inafanya kazi vizuri sana, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ni nani anayeweza kuapa kwamba haitachoka?

Hapa ndipo ninapotaka tufikiri. Kirusi hiki kina jeni 9 tu. Binadamu tunazo kama 20,000. Maana yake ni kwamba kirusi ni ombaomba: mlango wa seli ni wetu, mashine za kunakilia ni zetu, chakula ni chetu. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walitangaza zaidi ya protini 250 za mwili wa binadamu ambazo kirusi hiki huzitegemea. Kama mwizi anabadili shati kila siku, kwa nini tuendelee kulikariri shati? Tubadilishe kitasa. Kitasa ni chetu, na hakibadiliki haraka kama yeye.

Si ndoto. Ili kuingia kwenye seli, VVU hushika kwanza kitu kiitwacho CD4, halafu mara nyingi kingine kiitwacho CCR5. Wapo watu, hasa wa Ulaya Kaskazini, wanaozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi, na wanaishi vizuri. Mwaka 2007 Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyekuwa akiishi Berlin na kuugua saratani ya damu, alipandikizwa seli kutoka kwa mtu wa aina hiyo. VVU havikurudi tena hadi alipofariki mwaka 2020, na kilichomuua ni ile saratani. Mwaka huo huo wa 2007 Marekani iliidhinisha maraviroc, kidonge cha kuziba CCR5.

Najua mtaniuliza: mbona hatukukiona kwenye kliniki zetu? Kwa sababu baadhi ya virusi hupita mlango mwingine uitwao CXCR4, hivyo mgonjwa lazima apimwe kwanza, na kipimo chenyewe ni ghali. Pia si kila kitasa kinaweza kuguswa, maana vingine mwili unavihitaji kwa kazi zake. Hivyo njia hii nayo ina mipaka yake.

Lakini jamani, dokezo moja kubwa la njia hii lilitoka hapa hapa kwetu. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wamefuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani. Baadhi yao walikutana na virusi mara nyingi mno na hawakuambukizwa. Sababu haikuwa ile CCR5 ya Wazungu. Watafiti waliona kwamba seli zao za kinga zimetulia kuliko za wengine, na VVU hupenda seli zilizochangamka. Wakajiuliza kama utulivu huo unaweza kuigwa. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya jaribio dogo Nairobi: wanawake waliokunywa aspirini kidogo kila siku kwa wiki 6 walipungukiwa na seli zinazowindwa na VVU kwenye njia ya uzazi, kwa takriban asilimia 35.

Nisieleweke vibaya. Hakuna aliyethibitisha kwamba aspirini inazuia UKIMWI. Mtu asiache kondomu wala ARV kwa sababu ya aya hii.

Hoja yangu ni hii. Wanawake wa Majengo wametoa damu yao kwa sayansi kwa miongo minne. Je, nani anayelipia utafiti unaotokana na damu hiyo? Kwa sehemu kubwa ni wageni. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, tuliona tafiti za VVU Afrika zikisimama katikati ya safari. Mwaka 2007 marais wetu walikubaliana Addis Ababa kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tanzania na Kenya hazijafika huko.

Kampuni kubwa haitahangaika na aspirini, haina faida ndani yake. Wa kuhangaika ni sisi, tena kwa fedha zetu. Kama tunaweza kununua mashangingi kila bajeti, tunaweza kulipia jaribio la kidonge cha bei ya pipi.

Au nakosea? Semeni, nawasikiliza.