Bei ya nyama ifuate kiungo, isifuate mfupa

Ubao wa bei kwenye bucha nyingi za Dar es Salaam una mistari miwili tu inayohusu nyama yenyewe: steki na mchanganyiko. Steki haina mfupa, mchanganyiko unao, na kati yake kuna tofauti ya elfu mbili au tatu kwa kilo. Mimi ni mpishi wa shughuli, naishi Tabata. Napikia harusi, hitima, kipaimara na vikao vya ofisi, na hakuna gharama inayonilemea kuliko nyama. Nasema bila kusita kwamba ubao ule unamwonea mnunuzi, na anayeonewa zaidi ni yule anayenunua robo kilo.

Nenda bucha yoyote uulize. Kijana atakuamkia vizuri, "Shikamoo mama, karibu steki laini." Muulize, "Marahaba mwanangu, hii imetoka wapi kwa ng'ombe?" Mara nyingi jibu litakuwa, "Ni steki tu, mama." Hakudanganyi. Ameikuta imeshakatwa, imetundikwa, na hakuna mteja aliyewahi kumdai zaidi ya hapo.

Lakini ng'ombe hakuumbwa sawasawa mwili mzima. Misuli ya shingo, miguu na mapaja inafanya kazi mchana kutwa, inambeba, inamtembeza kwenda malishoni na mtoni. Nyuzi zake ni nene na kano zake zimekomaa. Sarara imelala upande wa ndani, chini ya uti wa mgongo, karibu na figo, na haina kazi kubwa, ndiyo maana inakatika kwa uma. Ila ng'ombe ana sarara mbili tu, moja kila upande, na zote mbili kwa pamoja hazifiki asilimia tatu ya mzoga. Na mara nyingi mwenye hoteli ameshaziwahi alfajiri. Kwa hiyo ukiona ndoano tano zimejaa nyama isiyo na mfupa, na zote zinaitwa laini, ujue kwamba sehemu kubwa ni paja.

Paja lina sifa zake, silitukani. Lina misuli mikubwa ambayo ni rahisi kuitenga na mfupa, ni jekundu safi, halina mafuta mengi, na linapendeza machoni. Ukilikata vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi, ukaliunga na kitunguu na nyanya taratibu, utakula vizuri. Ukilitunga kwenye vijiti vya mishkaki bila kulitayarisha, mgeni atatafuna mpaka taya zimuume, kwa sababu halina mafuta ya kulilinda na moto wa mkaa. Na hapo ameshalipiwa bei ya juu kuliko nyama yote iliyo buchani.

Hesabu yenyewe watu hawaifanyi. Tuchukulie mchanganyiko ni shilingi 10,000 kwa kilo na steki ni 13,000. Ukienda nyumbani ukautenga mfupa wa kilo moja ya mchanganyiko, ukakuta una gramu 230, basi umelipa sawasawa na aliyenunua steki. Mfupa ukizidi hapo, yeye ndiye aliyepata nafuu. Ukipungua, nafuu ni yako, na juu yake umebaki na mfupa wa supu. Kwa hiyo mchanganyiko wa mbavu nyembamba au wa bega unaweza kuwa rahisi sana kwa bei hiyohiyo ambayo mchanganyiko wa goti na uti wa mgongo ni ghali. Anayeamua upate upi ni mkono wa mkataji na jinsi anavyokuona. Mteja mwenye gari anaongezewa mnofu. Mama anayenunua robo kwa ajili ya watoto wanne anawekewa utando, kano na kipande cha mfupa uliopasuliwa kwa shoka, na bei ya kilo ni ileile.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Watu husema kuchagua sehemu ya nyama ni anasa ya wenye pesa. Mimi naona kinyume. Mwenye pesa akikosea leo, kesho atanunua nyingine. Anayekula nyama mara moja kwa wiki ndiye anayestahili kujua hasa kilichomo kwenye ule mfuko.

Nitataja kiungo kimoja kinachoonewa kuliko vyote, nacho ni kombe la bega. Juu ya mfupa bapa wa kombe, upande wa nje, umelala msuli ambao buchani kwetu unapigwa shoka pamoja na mfupa wake na kuzama kwenye mchanganyiko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa vyuo vikuu vya Nebraska na Florida huko Marekani waliipima misuli ya bega na ya paja la ng'ombe, msuli mmoja mmoja, kutafuta nyama nzuri iliyokuwa ikisagwa tu. Waligundua kwamba msuli huu unapitwa kwa ulaini na sarara peke yake. Kasoro yake ni utando mweupe mgumu unaopita katikati. Ukiupasua msuli kwa ubapa ukautoa ule utando, unabaki na mapande mawili mazuri mno kwa mishkaki. Nikiwa na shughuli kubwa, naomba mkono mzima wa mbele kwa bei ya mchanganyiko, nakaa na kisu changu nyumbani, naitenga nyama ya kombe ya kuchoma, nyama ya muundi ya mchuzi, na mifupa ya supu. Wageni wananiuliza nimenunua steki wapi.

Kidari ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu napenda pilau. Kidari kimejaa nyuzi ndefu, mafuta yaliyopangana matabaka, na kano ambazo mtu mwenye haraka atazilaani. Hizo kano zina dawa yake, nayo ni maji na muda. Zikikaa kwenye moto wa taratibu, joto likishapita nyuzi 70 hivi, saa mbili au tatu baadaye zinakuwa ute mzito, na ule ute ndio unaoipa supu ule uzito wa kushikana midomoni. Mchele ukipikwa kwa supu hiyo, wenye bizari nzima, iliki na mdalasini, unapata utamu ambao steki haiwezi kuutoa hata ukiweka kilo kumi. Nundu nayo ni vilevile. Hazina hii ya mafuta na nyama iko kwa ng'ombe wetu wenye nundu, na wachoma nyama wanaoijua huiomba mapema kabla haijachukuliwa. Mtu anayepeleka steki ya paja kwenye sufuria ya pilau ametumia pesa nyingi kupata nyama kavu na wali usio na ladha.

Wengine hutazama rangi, na rangi inasema kweli nusu. Nyama yenye rangi nyeusi si lazima iwe ya ng'ombe mzee. Ng'ombe anayeshushwa mnada wa Pugu huenda amesimama kwenye lori kutoka Shinyanga au Singida, amekosa maji na malisho, ameogopa njia nzima. Akichinjwa kabla hajapumzika, nguvu iliyopaswa kubaki kwenye misuli imeshakwisha, na nyama inatoka nyeusi, inanata, na haikai muda mrefu kabla ya kuharibika. Mafuta ya njano nayo huwatisha wanunuzi, lakini ng'ombe aliyelishwa majani mabichi huwa na mafuta ya njano kwa sababu ya majani yenyewe. Umri ninaulizia kwa meno. Mchinjaji anajua kama mnyama alikuwa na meno mawili makubwa au kinywa kilishajaa, na maksai aliyevuta jembe miaka mingi atakuwa na kano ngumu hata nyama yake ikiwa nyekundu namna gani.

Sasa nitasema jambo ambalo majirani zangu hawalipendi. Nyama ya leo leo, ile inayosifiwa kwa kuwa ng'ombe amechinjwa usiku na bado ina vuguvugu, si nzuri kwa kuchoma. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli inakakamaa, na ikipikwa katika hali hiyo inakuwa ngumu, iwe sarara au paja. Ikitulia kwenye baridi isiyozidi nyuzi 4, siku mbili au tatu, vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinaanza kuzilegeza nyuzi. Wenye vyumba vya baridi vya uhakika huiacha hata wiki mbili. Tumejifunza kuidharau nyama ya friji, na tulikuwa na sababu, maana wapo waliotumia friji kuficha nyama iliyokaa. Lakini kipande kizima, kilichonunuliwa asubuhi, kikakaushwa na kuwekwa chini kabisa ya friji inayofanya kazi, kitakuwa bora kesho kutwa kuliko leo. Nyumba isiyo na friji ina njia ya wazee wetu wa pwani: papai bichi lililosagwa, dakika chache tu, kwa sababu likizidi nyama inakuwa uji.

Najua hoja itakayokuja, kwamba ng'ombe wetu ni wadogo, ni wa nundu, hawana mafuta yaliyochoreka ndani ya nyama, kwa hiyo haina maana kuwapangia viungo. Kipimo hicho cha mafuta ndani ya nyama ni cha Marekani, ambako serikali inapanga madaraja ya nyama ya ng'ombe tangu 1927, na kinawafaa ng'ombe wao waliolishwa nafaka. Tazama Brazil. Sehemu kubwa ya ng'ombe wake wa nyama ni Nelore, wenye nundu, ambao asili yao ni India. Hata hivyo Wabrazil wamechukua kipande kilicho juu ya nyonga, karibu na mkia, chenye tabaka la mafuta kwa nje, wakakiita pikanya, wakakitia chumvi na kukichoma, na dunia nzima inakitafuta. Kipande hichohicho kipo kwa ng'ombe wa Kongwa na wa Usukuma. Kwetu kinanyolewa mafuta, kinakatwa vipande, na kinatumbukia kwenye steki pamoja na paja.

Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Bodi ya Nyama ipo kisheria tangu sheria ya mwaka 2006, na serikali imekuwa ikihimiza bucha ziache gogo na shoka, zitumie msumeno. Naunga mkono kwa mikono miwili, kwa ajili ya usafi na kwa sababu nyingine pia: shoka linachanganya viungo, msumeno unavitenga. Hatua inayofuata iwe ubao wa bei. Usiwe wa mistari ishirini kama wa hoteli, hapana. Mitano inatosha kuanzia: sarara na mgongo, bega, paja, kidari na mbavu, shingo na muundi. Kila kundi na bei yake, lenye mfupa na lisilo nao.

Mwenye bucha mmoja ninayenunua kwake aliniambia, "Mama, ukitaja viungo watu watagombania vizuri, vibaya vitanibakia." Nikamuuliza shingo anaiuza vipi sasa. Akasema anaichanganya. Nikamwambia aishushe bei elfu mbili, aandike kwamba ni ya mchuzi na supu, kisha kombe alipandishe kiasi hichohicho. Mama ntilie wa mtaani kwetu wangeimaliza shingo kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu wao wanapika mchuzi, moto wanao tangu alfajiri, na wanalipia leo mnofu wa bei ya juu wasiouhitaji. Alikubali kujaribu kwa kombe na shingo tu. Nimemwandikia ubao mwenyewe kwa chaki, na Jumamosi nina harusi ya watu mia tatu: nimeshamwagiza makombe yote atakayopata, na kidari cha pilau.