Mwacheni Mzee wa Raki

GATINI
Na Athumani Shee, Fremantle

Yule bwana alinipa shikamoo saa saba na nusu mchana, akaniuliza habari za nyumbani, akanisogezea kiti. Saa tisa na robo alikuwa ameung'ang'ania uzio, anampigia kelele mtu wa rika lake mwenyewe: "Babu, toka! Nenda kalale!"

Alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo aliyeambiwa hakuelewa. Mimi nilielewa. Mwenzangu wa Bukavu alielewa pia, akaifunga chupa yake ya chai kabla sijamaliza kikombe, na nyinyi wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba chupa ile haifungwi mpaka mechi iishe. Tangu nimjue nimemwona akiifunga mapema mara mbili tu.

Nami nilikasirika, na leo Alhamisi bado nimekasirika. Nasema mapema ili tusipotezeane muda: mtu wa raki haondolewi kiwanjani kwa kelele za uzioni. Akiondoka, aondoke kwa kauli yake au kwa kauli ya goti lake.

Ilikuwa mechi ya ridhaa kwenye kiwanja cha mtaa, huku kusini mwa Perth. Mvua inakuja, inaondoka. Watu tuliokaa kandokando hatukufika mia, wengi wazazi wa wachezaji. Huyo anayeambiwa akalale ana miaka 39. Saa moja asubuhi, kabla hata ya mechi za watoto, ndiye aliyekuwa anazivisha nguzo za magoli magodoro yake, ili mtu akigongana na nguzo asivunje kichwa. Najua kwa sababu nilimkuta, yuko peke yake, anapambana na kamba zilizolowa.

Kwa wageni wa safu hii: mpira wa Australia una umbo la yai, kila timu ina watu 18 kiwanjani, na kila mchezo unapoanzishwa upya katikati, watu wawili warefu, mmoja wa kila upande, huurukia mpira ulio hewani wagombanie kuugusa kwanza. Hiyo ndiyo raki. Kazi yao hasa si kuudaka. Ni kuugonga umwendee mwenzao mfupi mwepesi anayepita chini yao. Mpira ukitoka nje, mwamuzi wa pembeni huurudisha kwa kuurusha juu akiwa amekipa kiwanja mgongo, na wawili wale wale wanakutana tena. Mara kwa mara hivyo, mchana kutwa, goti la mmoja kwenye paja la mwingine, kiwiko kwenye mbavu. Magoti yaliharibika mpaka mwaka 2005 ligi kuu ikachora duara la pili la mita 10 katikati ya kiwanja, ili watu hawa wasije wakikimbia kutoka mbali na kugongana kama malori.

Sasa ngoja niwaeleze nilichokiona robo ya tatu, hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

Mpira ulitoka. Mpinzani wa mzee wetu ni kijana wa miaka ishirini hivi, anamzidi urefu kwa kiganja kizima. Kijana alirudi nyuma hatua mbili apate nafasi ya kuruka. Mzee hakurudi. Aligeuka nusu, macho juu, akaiweka nyonga yake ya kushoto kwenye paja la kijana, juu kidogo ya goti, akaiacha hapo kama mtu aliyeegemea mlango. Mpira ukarushwa. Kijana akaruka, lakini mguu wa kurukia ulikuwa umeshabanwa, akapanda nusu tu. Mzee akanyoosha mkono wa kulia, vidole viwili vimefungwa pamoja kwa plasta, na wala hakuugonga mpira. Aliuweka. Ulishuka taratibu mpaka kifuani kwa kiungo wetu mdogo, ambaye alikuwa ameshaanza kukimbia kabla mpira haujamfikia, kwa sababu alijua utafika. Sekunde tatu baadaye ulikuwa mita 40 mbele.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alibaki nyuma, mikono magotini, anahema. Hapo ndipo yule bwana alipompigia kelele.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "umeona alichokifanya?"

"Mzee wangu, mimi naona mtu aliyechoka. Mwanangu yuko benchi, ana miaka kumi na tisa, ana miguu. Huyu anamzibia."

"Mwanao angefanya nini pale?"

"Angeruka."

Angeruka. Nimelala na neno hilo siku tano.

Ukisema hivyo katika mji huu wa Fremantle umeusahau mji wenyewe. Timu yetu ya ligi kuu inaitwa Dockers, yaani makuli wa gatini, na nembo yake ni nanga. Na timu hiyo ilikuwa na Aaron Sandilands, sentimita 211, mtu ambaye ukimpita mtaani shingo inakuuma. Hakuingia kwa mbwembwe. Alitoka Mount Barker, kusini, akapitia klabu ya East Fremantle, akachukuliwa kwenye orodha ya wanagenzi, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu alicheza mwaka 2003. Mwaka 2008, 2009 na 2010 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Halafu kidole gumba cha mguu kikamtesa, na watu wakaanza kusema ameisha. Niliwasikia mwenyewe, kwenye treni, kwenye foleni ya samaki na chipsi. Mwili mkubwa namna ile, walisema, haurudi ukishaanza kuvunjika.

Mwaka 2013 alikuwemo katika fainali kuu ya kwanza katika historia ya klabu, tuliyofungwa na Hawthorn kwa pointi 15. Mwaka 2014, akiwa na miaka 31, alirudi kwenye kile kikosi bora kwa mara ya nne.

Aprili 2016, kwenye derbi na West Coast, mgongano ulimvunja mbavu na kumtoboa pafu. Pafu, ndugu zangu. Alikuwa na miaka 33. Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwamba anapumua, akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Sandilands alipona, akarudi, akacheza misimu mingine mitatu. Sidai kwamba ilikuwa mizuri. Ilikuwa ya kukatikakatika, leo paja, kesho kigimbi, wiki hii yumo, wiki tatu zijazo hayumo. Alistaafu 2019 akiwa na mechi 271, mwaka ule ule ambao kocha wake Ross Lyon alifukuzwa ikiwa imebaki mechi moja tu ya msimu. Timu ilikuwa inabomoka kila upande, na yule mtu mrefu bado aliamka asubuhi kwenda kukandwa kigimbi.

Nini kilimweka? Watakwambia urefu. Urefu alikuwa nao tangu 2003. Kilichomweka ni kwamba hatimaye sheria ziliiheshimu kazi yake. Kuanzia msimu wa 2017 ligi ilimkataza mtu wa tatu kurukia mpira wa raki. Kabla ya hapo timu pinzani zilikuwa zinamtuma mtu mwepesi aje kutoka pembeni, aupitie mpira juu, mzee abaki ameshikana na mwenziwe bure. Walipobaki wawili tu, nyonga kwa nyonga, ukongwe ukapata bei yake. Lakini ligi hiyo hiyo ilikuwa imeshamnyang'anya pumzi: mwaka 2016 idadi ya kubadilishana wachezaji katika mechi ilishushwa kutoka 120 hadi 90, na kila badiliko lililokatwa ni dakika ambayo mtu wa kilo zaidi ya mia hakai tena benchi. Alipewa kwa mkono huu, akanyang'anywa kwa ule, na alidumu hata hivyo.

Nimesema makuli. Mjomba wangu alikuwa kuli Kilindini, enzi ambazo mzigo ulipita mgongoni mwa mtu kabla ya kufika melini. Miaka yake ya mwisho hakuwa tena wa kwanza kulifikia lori, na alihema kama huyu mzee wetu. Lakini alijua kwamba gunia la kahawa la kilo 60 hupokewa kwa nyonga kwanza, kisha bega. Vijana walilipokea kwa uti wa mgongo. Alikuwa akiwashika kiunoni kwa mikono miwili, anawageuza kidogo, anawaambia "hapa, mwanangu, hapa", na mtu alikuwa akienda nyumbani jioni amesimama wima. Siku moja msimamizi alimwambia asije kesho kwa sababu anawachelewesha wenzake. Siku tatu mfululizo mjomba aliamka alfajiri, akavaa nguo zake za kazi, akakaa barazani kwetu Majengo mpaka adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa akimpelekea uji pale pale barazani bila kumwuliza kitu, na alitukanya sisi watoto tusipite mbele yake tukikimbia.

Kwa hiyo, bwana wa shikamoo, ulipompigia kelele yule mzee Jumamosi nilimwona nani pale kiwanjani? Sikuweza kukueleza wakati ule. Leo nakueleza.

Na usiniambie mpira ni kitu kingine. Mtu wa raki huiva polepole kuliko mchezaji yeyote katika mchezo huu, kwa kuwa kazi yake hujifunzwa kwa ngozi. Max Gawn aliumia goti vibaya mara mbili akiwa bado kijana asiyejulikana. Mwaka 2021, korona ilipoihamishia fainali kuu hapa kwetu Perth, alikuwa na miaka 29 na ndiye nahodha aliyeipa Melbourne ubingwa iliousubiri miaka 57. Todd Goldstein alicheza mechi 315 na North Melbourne, na miaka yake ya mwisho pale ilikuwa ya kufungwa karibu kila wiki. Akiwa na miaka 35 Essendon walimchukua. Jim Stynes, Mwairishi wa Dublin aliyeufahamu mchezo huu ukubwani, aliigharimu timu yake nafasi ya fainali kuu mwaka 1987 kwa kosa la sekunde moja, na angeweza kupanda ndege akarudi kwao. Tangu mwaka huo hadi 1998 alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Naomba mlisome tena hilo la mwisho polepole, wale mnaojua raki inavyoumiza.

Tunawaleta watoto wetu kwenye mchezo huu kwa wingi siku hizi. Tumemwona Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, akapitia East Fremantle ile ile ya Sandilands na kufika ligi kuu, ambako alijijengea jina kama beki, na kila baba mwenye mtoto mrefu sasa ana ndoto. Ni ndoto nzuri, nami naiombea dua. Lakini mtoto huyo akifika kiwanjani, nani atamwonyesha mahali pa kuweka nyonga? Makocha wa mtaani wengi walikuwa wafupi, walicheza pembeni. Anayejua ni yule yule anayeambiwa akalale.

Robo ya nne kocha alimwingiza mtoto wa bwana yule, dakika tano hivi, mzee akatoka kupumzika. Mtoto ni mzuri, mwenye adabu, na anaruka kweli kweli, mara ya kwanza mwenzangu wa Bukavu alisema "eeeh!" kwa mshangao. Aliruka mara tatu, aliugusa mpira mara zote tatu, na mara mbili ukaangukia miguuni mwa wapinzani, wakafunga goli moja. Hakujua mwenzake yuko upande gani. Mzee, kule benchi, taulo begani, alikuwa amesimama anamwita kwa jina, anajipigapiga nyonga ya kushoto kwa kiganja. Mtoto aligeuka akamtazama. Baba yake alikuwa akimpigia kelele "ruka, ruka!" kutoka upande wa pili, na mtoto alishindwa kujua amsikilize nani. Uso ule sijausahau.

Tulishinda kwa pointi chache. Mtoto alianza kumwendea mzee baada ya filimbi, nilimwona, akafika nusu ya njia. Honi ikalia mara mbili kwenye maegesho. Akageuka, akainua mkono kumuaga, akakimbilia gari.

Giza likawa linaingia na mvua imerudi. Kwenye nguzo kulikuwa na magodoro manane, yamelowa na kuwa mazito. Mawili nilibeba mimi. Mwenzangu wa Bukavu alibeba moja, kwa sababu mkono wake mwingine ulikuwa na chupa. Matano yaliyobaki aliyapeleka stoo mzee wa raki, kwa safari tatu, akichechemea.