Deraa ni Kipimo, si Pambo

Neno deraa wazee wetu walilijua kabla pikipiki ya kwanza haijavuka Likoni. Ni vazi la vita, fulana ya pete za chuma zilizofumwa ili upanga usifike maungoni. Na kila aliyepita chuoni anakumbuka kuwa Nabii Daudi, alayhi salaam, ndiye aliyelainishiwa chuma akafundishwa kulitengeneza. Lakini liko jambo katika kisa hicho ambalo wengi wetu hulipita mbio. Katika Surat Sabaa, Daudi hakuamrishwa kutengeneza deraa tu. Aliamrishwa pia apime sawasawa katika kuziunganisha pete zake. Deraa isiyo kipimo ni mzigo wa chuma begani.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya vijana wetu. Wako ambao siku za mapumziko huiacha lami wakashika vijia vya Kinango na Lunga Lunga, wakizirusha pikipiki juu ya mawe, mchanga na makorongo. Ni mchezo wa watu wenye moyo, wala sikushika kalamu kuukataza. Linalonishughulisha ni mavazi yao. Mmoja utamwona amevaa bamba la plastiki kifuani, kubwa kumshinda, linapwaya kama gunia. Mwingine amelichagua lake kwa sababu rangi inaoana na tangi la mafuta. Ukiwauliza, wote watakwambia wana deraa.

Basi ndugu msomaji, na tulitazame bamba hilo. Mengi yanayouzwa yalitengenezwa kwa kazi moja tu: kuzuia mawe na vifusi vinavyorushwa na gurudumu la pikipiki iliyo mbele. Huko Ulaya mabamba ya namna hiyo yana nambari yake, EN 14021. Kazi yake ni njema, kwani jiwe la kifuani si mchezo. Lakini bamba hilo halikupimwa kwa ajili ya mtu anayeanguka na kifua chake kikakutana na kisiki. Kinga ya maanguko ni nyingine, nayo ina nambari nyingine: EN 1621-1 kwa mabega, viwiko na magoti, EN 1621-2 kwa mgongo, na EN 1621-3 kwa kifua. Nambari hizo huwa kwenye kitambulisho kilichoshonwa au kuchapwa ndani, pamoja na picha ndogo ya mpanda pikipiki. Mnunuzi asiyekigeuza kifaa akaisoma alama hiyo amenunua rangi.

Karibu na picha hiyo utaona tarakimu 1 au 2. Maana yake ni hii. Kinga ya mgongo huwekwa juu ya chuma, kisha ikadondoshewa uzito wa kilo 5 kutoka kimo cha mita 1 hivi, na mafundi wakapima nguvu iliyopenya upande wa pili. Kinga ya daraja la 1 hairuhusiwi kupitisha wastani wa zaidi ya kilonyutoni 18. Ya daraja la 2, isizidi 9. Kwa lugha ya gulioni, 9 ni kama uzito wa kilo 900 unaokugonga kwa nukta ndogo sana ya wakati, na 18 ni mara mbili yake. Uti wa mgongo ni mmoja. Mwenye uwezo na achague 2.

Lakini hata nambari bora haifai kitu kama kifaa si chako. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo, na katika jambo hili walinena kweli tupu. Ukiwa dukani, au hata kwenye mitumba Kongowea, usijipime umesimama wima kama unayepigwa picha. Kunja magoti, inama mbele, nyoosha mikono kama aliyesimama juu ya vikanyagio. Kisha sukuma kikinga goti kwa kiganja. Kikizunguka upande, siku ya kuanguka kitazunguka vile vile, na goti litabaki wazi. Kikinga kiwiko nacho kifunike kiwiko mkono ukiwa umekunjwa, na kile cha mgongo kisiusukume ukosi wa helmeti ukiinua kichwa.

Najua nitaambiwa habari za joto. Kweli, kaskazi ikivuma, nani atakayejifunga sponji na plastiki? Jawabu ni kuchagua fulana ya wavu iliyoshonewa vikinga ndani, ambayo hupitisha upepo. Kinga nzito inayobaki nyumbani hailindi mtu. Na ukirudi, ioshe chumvi ya jasho kwa maji na uianike kivulini, maana jua letu hula plastiki.

Mwenye fedha kidogo aanze wapi? Aanze na kichwa. T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alianguka na pikipiki mwezi wa Mei 1935 akiwa kichwa wazi, na baada ya siku 6 akafa. Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, aliendelea kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa helmeti. Baada ya helmeti nunua buti ndefu ngumu, kwani vijiani mguu ndio unaokutana na mawe na ndio unaobanwa na pikipiki ikilala. Kisha magoti, kisha mgongo na kifua. Sheria yetu inadai helmeti na jaketi la kuakisi mwanga tu. Yaliyobaki imekuachia akili yako.

Wapo watakaonijibu kwa methali: ajali haina kinga. Methali ni ya kweli, lakini tuisikilize vizuri. Ajali kwa asili yake ya Kiarabu ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu kuondoka duniani. Hiyo kweli haina kinga. Goti lililopasuka kwa kukosa kikinga halimo katika hesabu hiyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imepokewa kuwa siku ya Uhud alivaa deraa mbili, moja juu ya nyingine. Nani kati yetu atakayedai kumshinda kwa tawakali?

Kwa hivyo nawaomba wazazi: anayemnunulia kijana pikipiki ya vijiani, bei ya deraa aihesabu ndani ya bei ya pikipiki. Mvunjika mguu huuguzwa na nyumba nzima, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akiilisha. Nanyi wauzaji, msikibandue kitambulisho cha ndani, na mteja akiuliza bamba ni la mawe au la maanguko, mwambieni kweli. Kumuuzia mtu kinga ya mawe kwa jina la kinga ya maanguko ni kupunja mizani, na mizani hiyo hulipwa kwa mifupa ya mtu.